Mkono wa Yeyo na Sanduku la Mchanga

Majirani wa Kisaju walipomwona Mwongeli kazini kwa mara ya kwanza walidhani anaoka mikate. Nani angewalaumu? Mwanamke amesimama ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba, mbele ya sanduku la chuma lenye miguu, mikono yake yote miwili imezama kwenye matundu hadi juu ya viwiko, uso ameusogeza kwenye kidirisha, na humo ndani kunanguruma. Mmoja alifika kabisa mlangoni akaulizia mkate. Mwongeli akamwonyesha kioo cha mlango wa kanisa, chenye njiwa na jina la kanisa, na yule jirani akaenda zake akiwa haelewi zaidi ya alivyokuja.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unabandika karatasi ya gundi juu ya kioo, unakata umbo unalolitaka, unakiingiza kioo sandukuni na kufunga. Kisha unavaa glavu ndefu za mpira ambazo zimebanwa kwenye yale matundu, ili mkono uingie na mchanga usitoke. Unakanyaga pedali, kompresa inapuliza hewa, na mchanga mkavu unatoka kwa kasi kwenye bomba uliloshika. Palipofunikwa panabaki peupe pa kuonea, palipo wazi panachakaa na kuwa na ukungu. Ukibandua karatasi, unakuta twiga, au jina la bibi harusi, au maua ambayo mwenye nyumba aliyachagua kwa simu halafu akayakana.

Mwongeli alijifunza kazi hiyo Kitengela mjini kabla ya kuolewa, na kaka yake akamtengenezea sanduku kwa vyuma alivyookota huku na huku. Alikuwa Mkamba, mume wake Lemein alikuwa Mmaasai, na Lemein alishinda kwenye minada ya ng'ombe. Kwa hiyo mtu aliyekuwa naye boma moja mchana kutwa alikuwa mama mkwe wake, Kakenya, ambaye yeye alimwita Yeyo, yaani mama, kama mume wake alivyomwita.

Yeyo hakuwahi kumtukana, na hakuwahi kumnyima maziwa. Alimnyima kitu kimoja tu. Kwa Wamaasai, mdogo huinamisha kichwa mbele ya mkubwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Ndiyo salamu, na ndani yake mna baraka. Bibi harusi Mwongeli aliinamisha kichwa kama Lemein alivyomfunza, na Yeyo akampa mkono wa kawaida, kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi ya chifu. Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Mwongeli, ambaye mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, aliendelea kuinamisha kichwa kila asubuhi na kuambulia mkono, na hakumwambia mtu jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Kisha ukaja ule ukame uliomaliza ng'ombe. Siku moja wawili hao walishinda wakiwainua ng'ombe walioanguka kwa njaa, mmoja ameshika pembe, mwingine ameshika mkia, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzungumza. Jioni, Mwongeli aliinama kwa mazoea tu. Kiganja kikatua kichwani mwake, kizito, kikanuka ng'ombe. Alikwenda akalia nyuma ya choo, akarudi kupika. Tangu hapo Yeyo hakumnyima tena, na Mwongeli angeweza kukwambia bila haya kwamba hakuna kitu katika boma lile alichokipenda kuliko kile kiganja.

Baada ya hapo Yeyo akawa mgeni wa kila siku bandani. Saa ya chai alifika na birika, akaegemea mwimo wa chuma wa mlango, akatazama. Aliona mkwewe anasimama kwenye saruji baridi asubuhi yote, akamletea ngozi ya ng'ombe iliyokauka vizuri, akamtandikia mwenyewe mbele ya sanduku. Aliona pia kwamba zile glavu zimekakamaa na kufanya nyufa kwenye vidole, maana Mwongeli alikuwa na tabia ya kuliacha sanduku likipigwa na jua la dirishani. Yeyo alicheka. Kitu kikikauka si kinapakwa mafuta? Amelainisha ngozi maisha yake yote kwa mafuta ya kondoo, hajaona iliyokataa. Akaleta mafuta kwenye kikombe, na wakazipaka glavu pamoja nje na ndani, wakipiga soga. Siku hiyo zilikuwa laini kama mashavu ya mtoto, na Mwongeli aliona amepata mama mkwe ambaye ni fundi pia.

Halafu mambo yakaanza kwenda kombo.

Mvua zilikoma, upepo ukakausha kila kitu, vumbi la barabara ya Namanga likaingia hadi kwenye sukari. Mwongeli akaanza kuchomwa. Akigusa sanduku, tach! kidoleni. Akishika kitasa cha mlango, tach! Mara nyingine bomba lenyewe lilimchoma kupitia glavu hadi akaliachia, likaharibu kioo. Ni maumivu madogo, ya sindano, lakini ukichomwa na kitu usichokijua huachi kukifikiria. Akamwita Gitonga, fundi wa stima wa Kitengela. Gitonga akapima soketi, akapima waya, akaifungua kompresa na kuifunga. Hakuna shoti mahali popote, akasema. Sanduku hakuligusa, maana halikuwa na waya wowote wa stima, na fundi wa stima atapima nini kwenye sanduku lisilo na stima? Akamshauri avae viatu vya mpira. Mwongeli akavaa viatu vya mpira. Akachomwa zaidi.

Alijaribu kufanya kazi kwa upande mwingine. Alijaribu kuzima redio. Alihama kwenda mkono wa kushoto, akarudi wa kulia. Aliwahi hata kuliombea lile sanduku, akiwa ameliwekea mkono, na likamchoma katikati ya sala. Kichwa kilimzunguka. Stima inatoka kwenye waya, hilo alilijua tangu shuleni, sasa hii ilitoka wapi?

Lililomchanganya kabisa ni lile la Yeyo. Asubuhi moja Yeyo alifika na chai. Mwongeli alikuwa amemaliza kioo kikubwa, kompresa imezimwa, kimya kimetawala. Akatoa mikono kwenye glavu, akageuka palepale juu ya ngozi yake, akainamisha kichwa. Yeyo, mkono mmoja ukiwa kwenye mwimo wa mlango, akaunyoosha mwingine. Kiganja kilipokaribia nywele, tach! Wote wawili walisikia. Yeyo aliuvuta mkono, akautazama, akamimina chai. Kesho yake ikawa vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Kesho kutwa Mwongeli alipoinama, aliona vidole vya miguu ya Yeyo vimesimama mbele yake, akangoja, hakuna kilichotua. Alipoinua kichwa, Yeyo alikuwa ameuingiza mkono wake ndani ya shuka.

"Takwenya," Yeyo alimsalimu Kimaasai, kwa mdomo tu.

"Iko," Mwongeli akaitikia salamu, na chai ile ikapoa bila kunywewa.

Basi tangu siku hiyo mkono haukutoka ndani ya shuka. Chai ikawa inaachwa kwenye jiwe nje ya banda. Mwongeli alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Alijua watu husema nini juu ya Wakamba na dawa zao. Aliyasikia sokoni, yakisemwa kwa utani na watu ambao hawakuwa wanatania sana. Sasa Mkamba wa boma hili anajifungia mikono kwenye sanduku linalonguruma, na kichwa chake kinauma mkono wa mama wa watu. Angekuwa yeye ndiye Yeyo, angefikiri nini? Alijiona amerudishwa siku ile ya harusi, kwenye mkono wa karani, na hata ule mkono wa karani hakuupata.

Alimuuliza Lemein. Lemein alisema wazee wana mambo yao, akauliza kama kuna chakula.

Na bado kulikuwa na jambo ambalo halikuingia kwenye hesabu yoyote. Watoto wa jirani walipopita kwenda shule walimwinamishia Yeyo vichwa kama kawaida, na Yeyo hakuwagusa. Aliwaitikia, akawauliza habari za nyumbani, mkono umefichwa. Mwongeli aliwaona wakiondoka wakitazamana. Ikiwa kosa ni lake yeye, watoto wamekosa nini? Kila alipodhani ameshika ncha moja ya jambo hilo, nyingine ilimponyoka. Aliona haya kuuliza. Angeuliza vipi? Mtu hamwendei mama mkwe akamwambia, nipe baraka yangu.

Glavu ndizo zilizomfungua macho, na hazikukusudia. Yale mafuta ya kondoo yalizilainisha siku chache, kisha mpira ukaanza kuvimba. Ukawa unanata, unabaki na alama ya kidole, unamenyeka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Mwongeli alidhani mafuta ni machache, akaongeza. Asubuhi moja, akiwa katikati ya jina la bwana harusi, glavu ya kulia ilifumuka kwenye dole gumba, na mchanga ukamrukia kuanzia kiwikoni hadi masikioni. Alipoachia pedali, banda lilikuwa limejaa vumbi, na ile ngozi chini ya miguu yake imefunikwa mchanga mtupu.

Akavua viatu vilivyojaa mchanga. Akaitoa ngozi nje, akaikung'uta, akaiangika kwenye ua. Akanyunyiza maji sakafuni, hadi kwenye vipande vya tairi vilivyobeba miguu ya sanduku, kutuliza vumbi. Kisha, kwa kuwa mwenye kioo alikuwa anakuja kukichukua, akaziba lile tundu kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli na gundi, akasubiri ikauke, akaendelea na kazi miguu mitupu kwenye saruji yenye maji. Alimaliza jina lote. Alifungua sanduku, akatoa kioo, akashika kitasa cha mlango, na alikuwa tayari ameshatoka nje alipokumbuka kwamba hakuchomwa.

Alirudi. Akagusa sanduku, akagusa bomba, akagusa kitasa tena. Kimya. Akajiambia labda ni bahati. Akairudisha ngozi, akavaa viatu, akapuliza mchanga kidogo kwenye kipande cha kioo kisicho na kazi, akagusa mwimo wa mlango. Tach! Akaitoa ngozi, akavua viatu, akapuliza. Kimya. Akairudisha. Tach! Mtu aliyepita barabarani asubuhi ile alimwona mke wa Lemein akiingia na kutoka bandani amekumbatia ngozi ya ng'ombe, na sijui alikwenda kusema nini huko alikokwenda.

Mwongeli aliketi kwenye ndoo iliyoinamishwa. Badala ya kufurahi alichanganyikiwa zaidi. Ngozi? Ngozi ambayo Yeyo aliichagua kwa mkono wake, akamtandikia kwa magoti yake? Wazo baya likampitia, kwamba pengine haikuwa zawadi tangu mwanzo, na mara moja akalionea haya, akajipiga kofi la mdomo ingawa hakuwa amelisema.

Alimpigia Gitonga. Gitonga alisikiliza, akacheka hadi simu ikakwaruza, kisha akasema yeye ndiye aliyekosea, angepaswa kuliangalia lile sanduku. Mchanga mkavu, alimweleza, ukikimbia ndani ya paipu la mpira na kusugua kioo, unazalisha stima yake wenyewe, hauhitaji waya. Kawaida hiyo stima hushuka ardhini ikapotea. Lakini sanduku la Mwongeli lilisimama juu ya vipande vya tairi, na yeye mwenyewe alisimama juu ya ngozi kavu na viatu vya mpira, katika ukame huu. Haikuwa na pa kushukia. Ikajaa kwenye chuma, ikajaa kwake, ikangoja wa kwanza atakayemgusa.

Wa kwanza atakayemgusa. Mwongeli alikata simu bila kuaga.

Gitonga alikuja jioni hiyohiyo, akapigilia fimbo ya chuma ardhini nje ya banda, akavuta waya kutoka kwenye sanduku na mwingine kutoka kwenye bomba hadi kwenye fimbo, akamwagiza awe anamwagilia maji pale ilipoingia, maana ardhi iliyokauka hivi haipokei kitu. Kuhusu glavu, alisema hajui mengi, ila mafuta na mpira havijawahi kupatana: zioshwe kwa sabuni, zikaukie kivulini, ndani zitiwe poda. Mwongeli aliitikia kila neno. Akili yake ilikuwa upande wa pili wa boma.

Maana sasa jambo lilibaki kusemwa. Unamwambiaje mama wa watu kwamba zawadi yake ndiyo iliyomchoma, na mafuta yake ndiyo yaliyokula glavu? Mwongeli aliyapanga maneno, akayapangua. Akiyasema hivi ni matusi, akiyasema vile ni uongo. Asubuhi yake alipiga moyo konde, akaenda bila maneno yoyote.

Yeyo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kwenye mkia wa jua la asubuhi, anatunga shanga. Mwongeli alichuchumaa mbele yake.

"Yeyo, niko na neno. Ni ile ngozi ulinipea."

"Imeraruka?"

"Hapana. Ngozi ni mzuri. Ni mimi sikujua kuitumia na hiyo kazi yangu."

Akaanza kueleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, mara mchanga, mara tairi, mara ardhi iliyokauka. Yeyo hakuelewa, na uso wake ulisema hivyo. Ndipo Mwongeli akakumbuka blanketi. Alimuuliza, si wakati wa ukame ukivuta blanketi juu ya kichwa inalia, na nywele zinasimama? Yeyo akakubali, inalia, tena gizani inatoa cheche. Basi ni hiyo hiyo, Mwongeli akasema. Mimi nilikuwa hiyo blanketi.

Yeyo aliweka shanga chini.

"Kwa hivyo ile siku," alisema taratibu, "haikuwa mkono yangu?"

Mwongeli hakuelewa. "Mkono yako aje?"

Yeyo aliutoa mkono ndani ya shuka, akaufungua, akautazama kama alivyoutazama asubuhi ile. "Mimi nilisema hii mkono imekuwa mbaya. Nilikushika, ikakuuma. Nikarudia, ikakuuma tena. Nikasema, Kakenya, labda kuna mtu ulimsema vibaya na umesahau, sasa baraka yako imegeuka. Nikaificha. Nisiumize watoto ya watu."

Siku zote hizo Mwongeli alizolala akijihukumu, mwenzake alikuwa nyumba ya pili akijihukumu mwenyewe, na kila mmoja alimhurumia mwingine kimyakimya na kumkwepa kwa nguvu zote.

"Na mimi nilidhani umenikataa," alisema. "Nilidhani ni juu ya mimi ni Mkamba."

"Mkamba ulikuwa tangu siku ya kwanza," Yeyo akasema. "Hiyo ningengoja mpaka saa hii?"

Mwongeli alicheka na machozi yakimtoka, na Yeyo hakucheka. Alikuwa bado na neno la kusema. Ruth, binti yake wa mwisho aliyeolewa Rombo, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza katika ukame huu wa pili. Kila Jumapili alipiga simu akimwomba mama yake aje amwone mtoto, na kila Jumapili Yeyo alisema goti linamuuma, hawezi safari. Boma zima lilimwonea huruma, na Mwongeli mwenyewe alimnunulia dawa ya kuchua.

"Goti haina kitu," Yeyo alisema sasa, akitazama chini. "Mtoto akizaliwa, nyanya anamshika kichwa. Mimi ningemshika na hii?"

Mwongeli alifanya kitu pekee alichokijua: alisogea, akapiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa. Na akiwa ameinama hofu ikamvamia, maana je, kama Gitonga amekosea tena? Kama stima imebaki mahali fulani mwilini mwake, na itoke sasa? Hakuwa na uhakika wa lolote. Aliona kivuli cha mkono kikija juu ya vumbi, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo, kikaja tena. Alifumba macho.

Kiganja kikatua. Hakikulia. Kilikuwa na joto, na kizito kama zamani, na hakikuondoka pale salamu inapoishia, kilikaa tu, vidole vikipapasa taratibu kwenye nywele vikitafuta lile lililokuwa linauma na kulikosa. Mwongeli alisikia Yeyo anashusha pumzi ndefu juu yake.

"Leta simu," Yeyo alisema, mkono ukiwa palepale. "Mwambie Ruth goti imepona."